Mlezi wa Gazeti

Kaka yangu ana mabinti wawili, lakini ukimuuliza ana watoto wangapi atakwambia watatu. Wifi yangu akisikia hivyo huendelea na shughuli zake, maana huyo wa tatu anamfahamu vizuri. Ndiye aliyekula kiwanja chao, likizo zao zote, na sehemu kubwa ya nywele za kaka.

Huyo wa tatu ni gazeti. Linaitwa Mnadi. Lilikuwa likitoka kila Ijumaa, kurasa nane, na mimi ndiye niliyekuwa nikilitafutia matangazo. Kazi ya kutafuta matangazo ni kumpigia simu mtu asiyetaka kupokea, umweleze jambo asilotaka kusikia, mpaka anunue ili umwache apumzike. Nimeifanya miaka yote ya Mnadi na sijawahi kupigwa. Kuna fundi mmoja wa magari aliyenirushia spana, lakini haikunipata, na wiki iliyofuata akaweka tangazo la robo ukurasa.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya ngazi za zege zilizomeguka kingo, na kila mgeni hufika mlangoni akiwa na lawama. Chini palikuwa na mashine ya kuchapia. Ikiwashwa, vikombe vyetu vya chai vilitembea vyenyewe mezani, na ulijifunza kuandika huku umekishika chako. Mashine hiyo ilikuwa ya Fundi Kurasa, yaani aliyeipanga na kuipaka mafuta na kuitukana ni yeye. Mwenye kuimiliki alikuwa kaka, lakini mashine haikujua hilo.

Kaka alikuwa na sheria moja ya kazi. Habari haiingii gazetini mpaka mtu ameenda kwa miguu yake, ameona kwa macho yake, kisha amemuuliza mtu wa pili ambaye hapatani na yule wa kwanza. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa inatuchelewesha. Kumpata shahidi ni rahisi, kumpata adui yake aliye tayari kusema ukweli ni kazi ya siku nzima. Basi habari zetu zilifika zimechoka, watu wameshazijadili na kuzisahau, lakini zikitoka zimetoka. Watu sokoni walikuwa wakibishana, mmoja akiuliza, "Imo kwenye Mnadi?" Kama imo, ubishi umekwisha. Kama haimo, wanaendelea mpaka Ijumaa.

Kaka hakuwa na kitu kingine duniani. Nyumba ya kupanga, gari la kusukuma, shati la kola iliyogeuzwa. Alikuwa na hilo tu, kwamba akiandika anaaminiwa.

Akaja Bwana Fursa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi aliyotupa, lakini hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyo na fursa ndani yake. Viatu vyeupe, begi mgongoni, umri wa binti mkubwa wa kaka. Alikuwa na kampuni changa. Ndivyo wanavyoziita, kampuni changa, kama papai, na kama papai wanataka uinunue kabla haijaiva. Kampuni yake ilikuwa ikiyahamisha magazeti madogo kutoka kwenye karatasi na kuyapeleka kwenye mtandao, ule ambao hata bibi yako yumo, na amekuzidi marafiki.

Nilitamani kumcheka, na nilimcheka, lakini siwezi kusema alitudanganya. Alichosema tulikuwa tunakijua. Mauzo yalikuwa yanashuka kila mwezi. Matangazo yalikuwa yananikimbia. Hata fundi wangu wa spana alikuwa na ukurasa wake mwenyewe, anajirekodi akibadilisha breki huku akiimba, na watazamaji wake walikuwa wengi kuliko wasomaji wetu. Sasa mtu kama huyo unampigia simu umwambie nini? Umwombe akuazime watu?

Kaka alisikiliza kwa wiki nzima, akamuuliza mtu wa pili, na wa tatu, kama kawaida yake. Mwishowe akakubali. Mashine ikauzwa kwa bwana mmoja anayechapa majalada ya madaftari. Fundi Kurasa aliisindikiza mpaka kwenye lori, akamkabidhi mnunuzi kwa mdomo orodha ya magonjwa ya mashine, kama anayemwacha mgonjwa hospitali. Chumba cha chini tukampangisha muuza magodoro. Tangu hapo vikombe vikatulia, na mlio pekee kutoka chini ukawa wa wateja wanaojitupa kwenye magodoro kuyajaribu.

Mwaka wa kwanza wa mtandao ulikuwa mtamu, sitaki kuficha. Ukurasa wa Mnadi ulijaa watu. Kaka aliandika habari saa nne, kufikia saa tano watu walikuwa wameisoma, wameisifu, wamegombana na kupatana. Alizoea kushika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mchuzi. Kulikuwa na alama ndogo za moyo ambazo watu walimtumia, na yeye, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akimwonyesha wifi. Wifi alimwambia kwamba akitaka mioyo angeweza kuiomba nyumbani.

Sasa, kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa Mnadi tulikuwa na desturi yetu. Nakala ya kwanza kutoka mashineni tunaitia sahihi sote, kuanzia mhariri, yaani kaka, mpaka mfagiaji, kisha inatundikwa ukutani. Mwaka huo wa tisa, siku ilipokaribia, hakukuwa na nakala. Fundi Kurasa akasema basi tutie sahihi kwenye simu ya mhariri, na akatoa kalamu kabisa. Tulicheka. Kaka hakucheka. Alikuwa akiangalia ukuta.

Kumbe alikuwa ameshaona kwamba mtandao ule, mtu akifikisha siku yake ya kuzaliwa, unamrushia maputo. Yanapanda kwenye kioo, mekundu na ya njano, na marafiki wote wanaambiwa wampongeze. Akataka na Mnadi apate maputo yake. Asubuhi ya siku yenyewe, kabla hatujafika, akaingia kwenye mipangilio ya ukurasa, akakuta mahali palipoandikwa tarehe ya kuzaliwa pakiwa wazi, akajaza. Siku, mwezi, na mwaka ule ambao gazeti lilitoka mara ya kwanza. Mtu mwingine angebahatisha mwaka. Kaka yangu hajawahi kuandika tarehe ya uongo maishani mwake.

Maputo hayakuja. Lilikuja dirisha jeupe lenye maneno machache: mmiliki wa ukurasa huu hajatimiza umri unaoruhusiwa, kwa hiyo ukurasa umefungwa kwa ajili ya usalama wake.

Nilipofika nilimkuta amekaa, mikono juu ya meza, simu katikati. Akanisimulia. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nikamwambia amnawishe mtoto uso ampeleke shule. Fundi Kurasa akauliza kama chanjo zake zimekamilika. Hata kaka alitabasamu kidogo. Tulidhani ni jambo la kupiga simu, mtu apokee, tucheke naye, afungue.

Hapakuwa na namba ya simu. Hilo ndilo la kwanza tulilojifunza. Mtandao wenye watu wengi kuliko nchi yoyote hauna hata mtu mmoja wa kupokea simu. Kuna fomu. Ukijaza fomu, unajibiwa na kitu kinachokuita rafiki.

Fomu ya kwanza ilitaka uthibitisho wa umri. Kaka akapiga picha kitambulisho chake, mvi na yote, akatuma. Jibu likaja haraka: rafiki, jina kwenye kitambulisho hiki halilingani na jina la mmiliki wa ukurasa, ambaye ni Mnadi. Tafadhali usijaribu kutumia akaunti ya mtoto mwingine. Na kwa usalama, kitambulisho chake kikawekwa alama ya wasiwasi.

Basi tukatuma cheti cha usajili wa gazeti, kile chenye mhuri wa serikali, kilichoandikwa Mnadi kwa herufi kubwa. Tulikitoa kwenye fremu, nikakifuta vumbi kwa kanga yangu. Safari hii jibu lilichukua siku mbili, na tukaona ni dalili nzuri, pengine kuna binadamu anasoma. Likaja: tumepokea cheti chako, na kimethibitisha kwamba una umri wa miaka tisa. Asante kwa kusema ukweli.

Hapo nilicheka peke yangu.

Kaka akampigia Bwana Fursa. Akaja mbio, maskini, na viatu vyake vyeupe. Yeye naye alikuwa anamfahamu mtu aliye ndani ya mtandao, mtu halisi, waliwahi kukaa pamoja kwenye semina. Akamwandikia mbele yetu. Tukamzunguka kama watu wanaotazama mpira. Majibu yalikuja jioni: yule mtu wake alipunguzwa kazi tangu mwezi uliopita, na alikuwa anauliza kama Bwana Fursa ana nafasi yoyote kwenye kampuni yake. Bwana Fursa akacheka kile kicheko cha mtu aliyemeza mfupa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli hata yeye mambo si mazuri, wawekezaji wameanza kumtazama vibaya. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimaliza sentensi bila fursa.

Tukafungua ukurasa mpya. Mnadi, jina lile lile, picha ile ile. Ulipata wasomaji wachache, wengi wao ndugu zetu. Siku ya nne ukafungwa. Sababu: unaiga ukurasa mwingine uliopo tayari.

"Upi?" kaka akauliza. "Si wameufunga?"

Tukatafuta. Upo. Mnadi, na picha yetu, na maneno yetu chini ya jina, neno kwa neno, hata kosa la nukta ambalo Fundi Kurasa alikuwa akililalamikia miaka yote. Umefunguliwa siku mbili baada ya sisi kufungwa. Wasomaji wetu, walipoona Mnadi amepotea kisha akarudi, walifanya ambalo hata mimi ningefanya. Walimfuata.

Nani alikuwa nyuma yake hatukujua, na mpaka leo hatujui. Bwana Fursa alisema anaweza kuwa mtu yeyote, kijana chumbani kwake, au kikundi nchi nyingine, au asiwe hata mtu, mashine tu inayookota majina yaliyoangushwa. Kazi yao ni kukusanya macho. Macho mengi yanaleta matangazo, na matangazo hayaulizi yametoka wapi. Ukurasa huo haukuandika habari mbaya sana mwanzoni. Uliandika za kushtua. Ng'ombe aliyezaa mapacha watano. Daktari anaonya juu ya vitunguu. Watu walisoma na kushangaa kidogo, kisha wakasema Mnadi siku hizi amechangamka. Fundi wangu wa spana alinipigia kunipongeza.

Kaka alianza kufanya jambo lililonitia huruma. Alikuwa anasoma habari moja moja ya ukurasa ule wa bandia, anaitafutia mashahidi. Alitembea mpaka kwa mwenye ng'ombe. Ng'ombe alikuwepo, ndama alikuwa mmoja. Akarudi na vumbi hadi magotini, akaandika sahihisho, kisha akakumbuka hana pa kuliweka.

Njia pekee iliyobaki kwenye fomu ilikuwa ya mwisho kabisa, chini, kwa herufi ndogo: kama una umri mdogo, mzazi au mlezi anaweza kukuombea ufunguliwe. Kaka hakuweza kuwa mzazi kwa sababu ya ile alama ya wasiwasi kwenye kitambulisho chake. Wifi alipoombwa alisema amebeba mimba mbili tu na anazikumbuka zote. Fundi Kurasa alikuwa tayari, ila kitambulisho chake kilikuwa kimepita mashineni siku moja na sura yake haionekani tena. Nikabaki mimi.

Nilijaza. Uhusiano wako na mtoto: shangazi. Nilipobonyeza nikamwambia kaka kwamba tangu leo akitaka kumchapa lazima aniulize kwanza.

Na ukafunguliwa. Siku hiyo hiyo. Wasomaji wetu wote wa zamani wakiwa bado wamo, majina yao yale yale, habari zetu zote za mwaka ule. Kaka alisimama. Nadhani alitaka kunikumbatia, ila sisi si familia ya kukumbatiana, akanisogezea kiti.

Furaha hiyo haikudumu hata tukamaliza chai. Ukurasa ulirudi kama ukurasa wa mtoto. Wageni hawawezi kuuona. Wale wasomaji wote walihesabiwa wageni mpaka mlezi awakubali mmoja mmoja, na kila mmoja naye athibitishe kwamba anafahamiana na mtoto huyu ana kwa ana. Matangazo hayaruhusiwi, kwa hiyo kazi yangu ya kawaida ilikufa pale pale. Na kila kaka alipotaka kuandika, simu yangu ilitikisika: Mnadi anaomba ruhusa yako. Hata nikikubali, kulikuwa na mashine nyingine juu yangu inayopima kama maneno yanafaa kwa umri wake. Tanzia zilikataliwa zote. Ajali ikakataliwa. Taarifa ya mahakama ikakataliwa, nasi tukashauriwa tuzungumze na mtu mzima tunayemwamini. Zilipita mbili tu wiki nzima: matokeo ya mechi ya shule, na picha ya upinde wa mvua.

Tuliuliza ni lini kizuizi kitaondoka. Akifikisha miaka kumi na mitatu.

"Basi tusubiri abalehe," alisema Fundi Kurasa. Mwisho wa mwezi akaenda kwa yule bwana wa majalada, akaifuata mashine yake.

Bwana Fursa naye alituandikia. Kampuni yake ilikuwa imebadili mwelekeo, ndivyo alivyoandika, sasa inawaunganisha wafuga kuku na wanunuzi. Alitutakia kila la heri na akamsalimia Mnadi kwa jina, kama mtoto kweli.

Siku ya mkasa wenyewe ilikuwa Jumatano. Asubuhi nilikuwa napanda ngazi, ukurasa wa bandia ukatoa habari kwa herufi nyekundu: SOKO KUVUNJWA KESHO. Chini yake picha ya tingatinga, sijui la wapi. Kufika juu nikamkuta kaka ameshavaa viatu. Alitembea mpaka kwa afisa wa soko, kisha kwa mwenyekiti wa wafanyabiashara, ambao hao wawili hawasalimiani tangu ugomvi wa choo. Wote wawili walisema jambo moja: mtaro wa upande wa chini umeziba, mafundi watakuja kuuzibua, safu moja ya vibanda itasogezwa kando kwa siku chache kisha itarudi. Hakuna kinachovunjwa.

Hii ilikuwa habari yake. Alikuwa na miguu, macho, na mashahidi wawili wasiopatana. Aliiandika amesimama, mistari mitano, safi, hakuna neno la kutoa. Simu yangu ikatikisika, nikakubali kabla haijanyamaza. Mashine ikakataa. Maudhui haya yanaweza kumtia mtoto hofu. Akatoa neno kuvunjwa. Ikakataa. Akatoa tingatinga. Ikakataa. Tukakaa, yeye na mimi, watu wazima wawili, tunaandika habari ya soko kama tunamlaza mtoto. Iliyopita mwishoni ilisema: Soko letu litaendelea kuwa zuri, na mtaro utasafishwa. Ikatoka. Ikawafikia watu wote waliokuwa wamekubaliwa, yaani mimi, wifi, na mabinti wawili.

Binti mdogo akatuma moyo.

Kaka akashuka kwa muuza vifaa vya shule wa kona ya pili, mwenye mashine ya fotokopi, akaiandika upya ile ya kwanza, ya mistari mitano, wakamtolea fotokopi mpaka wino ukafifia. Tukaenda sokoni kuzigawa. Nilidhani nimeona mengi, lakini sikuwa nimeliona soko likijivunja lenyewe. Watu walikuwa wanang'oa mabati ya vibanda vyao. Vitu vilikuwa vinauzwa kwa bei ya kutupa, na walionunua walikuwa wanakimbia navyo kana kwamba wameiba. Kaka alikuwa anampa mtu karatasi, mtu anaitazama mbele na nyuma. Mmoja alimwambia kwa upole kabisa kwamba fotokopi mtu yeyote anaweza kutoa, mzee wangu.

Kwenye safu ya vyombo tukamkuta shangazi, dada wa baba yetu. Anauza masufuria na vikombe, na ni msomaji wetu tangu toleo la kwanza. Enzi za karatasi alikuwa akifungia vikombe kwa Mnadi wa wiki iliyopita, lakini baada tu ya kumsoma wote, na matangazo. Sasa alikuwa amepandisha nusu ya mali yake kwenye mkokoteni, kilemba kimemteremka, anahema.

Kaka akamsalimia, shikamoo shangazi, akamweleza polepole. Afisa wa soko amesema hivi. Mwenyekiti amesema hivi. Shangazi alimsikiliza huku mikono yake ikiendelea kupanga. Alipomaliza, shangazi akamtazama usoni, kwa mapenzi, kwa kweli kwa mapenzi.

"Mwanangu, wewe nakujua," akasema. "Lakini gazeti limesema."

"Shangazi, gazeti ni mimi."

"Gazeti hili hapa." Akatoa simu kifuani, akampa. Mnadi. Picha yetu. Maneno yetu, na kosa la nukta. "Si wewe uliyeniambia nisimsikilize mtu yeyote mpaka nimeona kwenye Mnadi? Uliniambia hata wewe nisikusikilize."

Kaka alimwambia hivyo kweli. Nilikuwepo. Ilikuwa zamani, kwenye uvumi fulani wa bei ya sukari, na kaka alikuwa anajivunia sana sentensi hiyo.

Nikaingilia. Nikamwambia shangazi ukurasa huo si wetu, kuna watu wameiba jina, wetu umefungwa kwa sababu kaka aliandika tarehe, na wakautambua kama mtoto, na mimi sasa ndiye mlezi wake. Nilijisikia nikisema. Kadiri nilivyoeleza ndivyo jirani zake wa kushoto na kulia walivyoanza kututazama kama watu ambao jua limewapata. Shangazi alinigusa bega.

"Sawa, mama," akasema. "Basi akiandika huko kwamba soko halivunjwi, nitashusha vyombo. Aandike tu."

Kaka alikuwa bado ameshika simu ya shangazi. Aliisoma ile habari yote, kwa utulivu, kama anayesahihisha. Kisha akamrudishia. Karatasi zilizobaki akanipa mimi. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa kibanda, akainama, akashika rundo la masufuria makubwa yaliyobaki chini.

Shangazi akamwambia ashike vizuri, hayo ya chini vishikio vyake ni vibovu. Akashika vizuri. Akayapandisha, akavuta kamba, akafunga fundo, akalijaribu kwa kulivuta mara mbili, kwa sababu hawezi kufanya kitu bila kukihakikisha. Nilitaka kumwambia aache, kwamba kesho watavishusha vyote hivi, vikiwa vimebonyea. Alijua. Hakuna mtu pale sokoni aliyejua vizuri kama yeye.

Mkokoteni ulikuwa mzito na njia ya kutokea inapanda. Shangazi alishika mbele, kaka akasukuma kwa nyuma, mgongo wake umeloa. Katikati ya mlima wakafikiwa na muuza viatu mmoja anayemfahamu kaka siku nyingi, naye amebeba mali yake kichwani.

"Mhariri," yule akamwita, "na wewe umesoma?"

"Nimesoma," kaka akajibu, akaendelea kusukuma.